Msiwachonge watoto meno ya mbele

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu, hasa wa hapa Moshi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 31, na mwalimu wa madarasa hayo anaishi na meno ya watoto. Leo huyu analia jino linacheza, kesho yule anafunua pengo lake kwa fahari, keshokutwa kuna ugomvi kwa sababu fulani karusha jino lake juu ya bati la darasa na la mwenzake limepotea. Meno ya mbele ya ukubwani nimeyaona yakichomoza katika vinywa vya mamia ya watoto.

Mwezi wa tano mjukuu wangu, binti wa miaka minane, aliletwa kwangu Pasua kukaa siku mbili. Nilimpa maji ya mtungi. Akapiga funda moja, akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka. Nikamsogeza dirishani penye mwanga nikamwambia afungue kinywa. Meno yake mawili ya mbele ya juu yalikuwa yamenyooka kama yaliyopigiwa rula, na pale ukingoni weupe umekwisha, pamebaki mstari wa njano.

Mama yake alinieleza bila kuficha. Shuleni walikuwa wanamwita Msumeno, kwa sababu meno yale mapya yalitoka na ncha ncha. Mtoto akawa hacheki, akawa anaongea mkono ukiwa mdomoni, mwisho akagoma kwenda shule. Ndipo akapelekwa kwa fundi mmoja anayewatengenezea watu mwanya na kuwavisha meno ya dhahabu. Fundi akapitisha kimashine cha kusagia, dakika chache tu, akapokea hela yake. Simtaji mtu huyo. Wala mkwe wangu sikuweza kumgombeza. "Mama, nilidhani yameota vibaya," aliniambia, na nikaona kwamba hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Yale meno hayakuota vibaya. Jino la mbele la ukubwani likitoka kwenye ufizi huwa na vilele vitatu vidogo ukingoni. Mwenye mtoto wa miaka saba au minane amwite sasa hivi, apitishe kidole taratibu, atavisikia vinakwaruza. Vinatokana na jinsi jino linavyoumbwa ndani ya taya. Halianzi likiwa kipande kimoja. Linakua kutoka sehemu nne, tatu upande wa mdomo na moja upande wa ulimi, na sehemu hizo zinakuja kuungana. Vile vilele ni zile sehemu tatu za mbele, bado zinaonekana.

Darasani nilikuwa nawatoa watoto nje asubuhi mawingu yakiwa hayajashuka, nawaonesha mlima Kilimanjaro. Shira, Kibo, Mawenzi: vilele vitatu, mlima mmoja. Shira ndiyo kongwe, imelika mpaka imebaki uwanda. Basi na vilele vya jino ni hivyo hivyo. Meno ya juu yanapokutana na ya chini, mtoto anapouma muwa na mahindi ya kuchoma, vinasagika vyenyewe pole pole, na wengi wakifika sekondari hawana tena. Mtu mzima aliyebaki navyo mara nyingi ni yule ambaye meno yake ya mbele, ya juu na ya chini, hayagusani akifumba kinywa.

Alichokiondoa fundi hakirudi. Ule weupe mgumu wa juu, ambao madaktari huuita enameli, hutengenezwa jino likiwa bado limefichika ndani ya ufizi, na seli zinazoutengeneza hufa jino linapochomoza. Kucha ukiikata inaota, mfupa ukivunjika unaunga, ngozi inafunga kidonda. Enameli ikisagwa imesagwa. Chini yake kuna tabaka la njano lenye vitundu vidogo sana vinavyoelekea kwenye neva ya jino, na huko ndiko ubaridi wa mtungi ulikopenya ukamliza mjukuu wangu. Daktari wa meno aliyesomea anaweza kulainisha ukingo wa jino la mtu mzima, maana anajua enameli ina unene gani na wapi pa kukomea. Kumfanyia hivyo mtoto wa miaka minane kwa kimashine cha fundi ni jambo jingine kabisa.

Katika miaka yangu nimeona meno ya kila namna, na ningependa wazazi wayaone kama nilivyoyaona. Wapo wenye meno mapana ya mraba, wapo wenye ya duara kama kucha ya kidole gumba. Niliwahi kufundisha ndugu watatu wa familia moja, na wote jino la pili kutoka katikati lilikuwa dogo, limechongoka kama ncha ya penseli. Mama yao alipokuja kwenye kikao cha wazazi akacheka, nikaona naye analo. Hurithiwa. Wengine jino hilo haliji kabisa, na hawana ugonjwa wowote.

Hata nyuma ya jino kuna tofauti. Pitisha ulimi nyuma ya meno yako ya mbele ya juu. Wengi wetu huku tunakuta karibu pametandaa. Wachina, Wajapani na wenyeji wa asili wa Marekani, walio wengi, wanakuta kingo mbili zimeinuka pembeni na bonde katikati, mfano wa beleshi. Mtaalamu wa maumbile ya binadamu, Aleš Hrdlička, aliandika habari za meno hayo mwaka 1920, na siku hizi inajulikana kwamba jeni iitwayo EDAR inahusika, jeni hiyo hiyo inayozifanya nywele zao kuwa nene. Ni maumbile yao.

Na mwanya? Huku kwetu mwanya ni uzuri, watu wanausifu, na mabinti wengine wanalipa wapasuliwe. Lakini mtoto wa miaka minane akiwa na nafasi katikati na meno ya juu yamechanua kama feni, mzazi anakimbilia kutafuta dawa. Angesubiri. Chonge za juu zikishuka, kwenye miaka 11 au 12, mara nyingi zinayasukuma meno yakakaribiana.

Niwakumbushe wa rika langu jambo tulilolishuhudia. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, fizi zake zikionekana zimetuna pale chonge zinapojiandaa kutoka, watu walisema ana meno ya nailoni, wengine wakiita ya plastiki. Wakayachokonoa. Kumbe waling'oa vichipukizi vya meno halali, kwa vifaa visivyochemshwa, na kuna watoto waliokufa. Waliopona wengine chonge zao zilitoka zimepinda, wengine hazikutoka. Lile lilikuwa uvimbe wa kawaida, tukaliita ugonjwa kwa kutojua. Leo tunaanza tena, safari hii kwa urembo.

Nisieleweke vibaya kuhusu rangi. Meno ya kahawia ya kwetu Kilimanjaro na ya ndugu zetu wa Arumeru yanatokana na floraidi nyingi kwenye maji, na magadi ya kupikia maharage na makande yanaongeza. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hilo ni la maji na linahitaji barua yake. Ila rangi hiyo nayo haiondoki kwa kusugua mchanga wala kwa msasa, kwa hiyo wazazi tusijaribu.

Nawaomba walimu wakuu watenge dakika tano tu katika kikao cha wazazi wa darasa la pili, waseme kwamba meno mapya huja na vilele. Nawaomba walimu wenzangu wakisikia mtoto anaitwa Msumeno au Panya walikemee hapo hapo, wasiseme ni utani wa watoto. Na mzazi mwenye wasiwasi aende kwa daktari wa meno katika hospitali ya rufaa ya mkoa, hapa mjini ni Mawenzi, amwoneshe mtoto kabla hajamkabidhi kwa mtu mwenye kimashine.

Mjukuu wangu amepakwa dawa ya kuziba ukingo na sasa anakunywa maji kwa mrija. Jioni tunasimama wote mbele ya kioo cha kabati, namwambia avute mdomo wa chini. Meno manne ya chini bado yana vilele vyake, vitatu vitatu, anavihesabu mwenyewe kwa ulimi. Mama yake naye juzi alikuja akavihesabu.

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi.