Mama mkwe anataka paka aondoke ila mimi kinachonitisha ni mishkaki

Anti shikamoo. Naomba ushauri, nina mimba ya miezi minne, ndo ya kwanza, tunakaa Tanga na mama mkwe. Nina paka wangu anaitwa Chausiku, nilikuja nae toka kwetu. Sasa mama kasikia kwa jirani eti paka anaharibu mtoto tumboni, basi kutwa ni kelele, juzi kamtia kwenye kiroba akaenda kumtupa sokoni, jioni huyu hapa karudi anadai dagaa. Nikacheka, mama kaninunia mpaka leo.

Nikaingia mtandaoni kusoma mwenyewe, kumbe kweli upo ugonjwa unaitwa toksoplasmosisi, kijidudu chake kinatoka na mavi ya paka, na ukikipata kwa mara ya kwanza ukiwa mjamzito kinaweza kumfikia mtoto kikamharibu macho au ubongo, au mimba ikatoka. Lakini kumshika paka sio shida sana, shida ni mavi yaliyolala, yale ya leo leo hayajaanza kuambukiza, ndo maana wanasema yatolewe kila siku na asitoe mjamzito. Hiyo kazi kaichukua mume wangu.

Kilichonimaliza nguvu ni pale waliposema unakipata pia kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri. Anti, mimba hii inataka mishkaki tu! Ya pale kona, nje imeungua ndani bado nyekundu, na kachumbari juu sijui imeoshwa na maji gani. Halafu hapo nje kuna lundo la mchanga wa kujengea, paka wa mtaa mzima wanajisaidia humo na kufukia, na mama huyohuyo anayemfukuza Chausiku ndo ananituma nichote mchanga huo nisugulie masufuria, mikono mitupu.

Kliniki nilipimwa ukimwi, kaswende, malaria na wingi wa damu, hili halikutajwa, na nilipouliza nesi akasema nipunguze kusoma mitandao. Je niende nikalipie kipimo mwenyewe? Maana nimesoma kama ulishawahi kuugua zamani mara nyingi mwili unakuwa na kinga, na mimi nimelala na paka toka mtoto.

Na mama nimwambieje habari ya mchanga na nyama? Yeye kazaa saba, mimi hata mmoja sijamshika.