Kwenye lile swali weka ndiyo

Shosti yangu,

Mambo? Bimkubwa anaendeleaje na presha yake? Nimeisoma meseji yako yote, ile ndefu ya usiku, na asubuhi nikairudia tena nihakikishe nimekuelewa. Nakujibu kwa maandishi maana kwenye simu utanikatisha katikati uanze kulia, na mimi nataka uyasome haya mpaka mwisho ndo tuongee.

Jibu lenyewe hili hapa, nalitanguliza. Kwenye lile swali la AMCAS, ile fomu ya AAMC (umoja wa shule za udaktari Marekani) ya kuombea shule ya udaktari, weka ndiyo, alafu ieleze ile kesi yako ya chuo ya kunakili ripoti ya maabara. Mjomba wako anasema ukaushe kwa sababu chuo kilikwambia rekodi inafutwa ukishamaliza, binamu yako anasema hakuna atakayejua, na wote najua wanakupenda, wanataka kukuona daktari, ila hawajalisoma swali lenyewe. We lisome taratibu. Linauliza kama umewahi kuchukuliwa hatua na chuo chochote kwa ajili ya maendeleo mabaya ya masomo au kuvunja kanuni za mwenendo, alafu linakwambia kabisa ujibu ndiyo hata kama hatua hiyo haikukusimamisha masomo, hata kama haionekani kwenye transkripti, hata kama imefutwa kwa utaratibu wa chuo au kwa kuomba mwenyewe. Yaani walioliandika walishawafikiria watu wenye kesi kama yako. Kufutwa kwa rekodi ni makubaliano yako na chuo, AAMC hawamo kwenye hayo makubaliano, wao wanakuuliza wewe ulichopitia, sio faili linasema nini.

Na wakija kugundua ulificha, kesi inabadilika kabisa. Sasa hivi una kosa la mwaka wa pili, binti wa miaka 19, ripoti moja ya maabara. Ukiweka hapana unakuwa na uongo wa mtu mzima aliyesaini fomu kwamba kila alichoandika ni kweli, na huo uongo hauna tarehe ya kuisha. AAMC wana utaratibu wao wa kuchunguza na kuzitaarifu shule, shule inaweza kukunyang'anya nafasi iliyokupa, shule nyingine zinaomba barua kutoka chuo ulichosoma kuthibitisha mwenendo wako, na hata ukipita hapo kuna maombi ya residensi, yale mafunzo ya hospitalini baada ya shule, na bodi ya jimbo inayotoa leseni za udaktari, na wao wana maswali yao. Mi siwezi kukuona unaishi miaka kumi unashtuka kila ukipata imeili. Sitaki hayo maisha kwa ajili yako.

Sasa kuhusu ile sentensi yako, kwamba "wakiona ndiyo wanatupa fomu pembeni". Hapana, sio hivyo. Unajua niko kwenye kundi la wanafunzi wa udaktari wanaowafanyia intavyu waombaji hapa chuoni kwetu, na siwezi kukusimulia fomu ya mtu yeyote, hilo nimeapa na ntalitunza, lakini naweza kukwambia mazungumzo yanaendaje. Zipo shule zitakazokukata mapema, sikufichi, waombaji ni wengi mno na sababu ya kupunguza watu inatafutwa. Ila wale wanaosoma fomu mpaka mwisho swali lao ni kilichofuata baada ya pale. Kuna utafiti unatajwa sana kwenye haya mambo, ulitoka New England Journal of Medicine mwaka 2005, wa Maxine Papadakis na wenzake. Walichukua madaktari 235 waliokuja kuadhibiwa na bodi za majimbo, wakawalinganisha na wenzao 469 waliosoma shule zilezile tatu ila hawakuadhibiwa, wakafukua mafaili yao ya shuleni. Waliokuwa na rekodi ya mwenendo mbaya walikuwa na uwezekano kama mara tatu zaidi wa kuishia kwenye bodi. Najua ukisoma hapo moyo utakudunda, lakini subiri, angalia ni tabia gani zilizojitokeza zaidi: kutowajibika kulikokithiri, na kushindwa kujirekebisha, yaani mtu anaambiwa kosa lake halikubali, au analikubali alafu hafanyi kitu. Utafiti ule ni wa wanafunzi waliokuwa tayari shule ya udaktari, sio wa kabla, lakini unakuonyesha wanaogopa nini wakiiona hiyo ndiyo yako. Wanaogopa asiyerekebishika. Na wewe kwa kila ninachokijua umejirekebisha, tena kwa vitendo, tatizo ni kwamba kwenye drafti uliyonitumia hilo halionekani kabisa.

Ndo nije kwenye drafti. Shosti, nakupenda, ila ile drafti ni ya kutupa. Una nafasi ya herufi 1,325 pamoja na nafasi kati ya maneno, hiyo kwa Kiingereza ni kama maneno 200 tu. Umetumia zaidi ya nusu kueleza shifti za usiku kule nyumba ya wazee, matibabu ya bimkubwa, hela za kutuma Tanga, na jinsi mwenzako wa maabara alivyokusukumia daftari lake. Yote ni kweli, mi ni shahidi, nilikuwa naongea na wewe ukiwa kwenye basi saa kumi na moja alfajiri unasinzia na simu sikioni. Lakini msomaji wa fomu hayajui hayo machozi, yeye anaona mtu anayezunguka. Neno "nilinakili" halipo. Umeandika "kulitokea kutoelewana kuhusu ushirikiano kwenye ripoti". Hakukuwa na kutoelewana. Ulichukua namba za mwenzako ukaziweka kwenye ripoti yako kama umezipima wewe, na barua ya chuo inasema hivyohivyo, kwa hiyo maelezo yako yakitofautiana na barua yao utaonekana bado unakwepa.

Anza na tukio lenyewe, sentensi mbili. Mwaka wa pili, maabara ya kemia, nilinakili vipimo vya mwenzangu na kuviwasilisha kama vyangu. Chuo kilinipa sifuri kwenye ripoti ile, onyo la maandishi, na uangalizi wa muhula mmoja, nikaumaliza bila tatizo. Basi. Alafu kuhusu shifti na nyumbani weka sentensi moja tu, tena iishe na wewe: nilikuwa nimechoka na ningeweza kuomba muda zaidi, sikuomba. Mwenzako wa maabara mtoe kabisa, hata kama na yeye ana lake. Profesa pia usimguse.

Nafasi yote inayobaki ipeleke kwenye baada. Hapo ndo una utajiri na umeuacha nje! Ulirudi maabara ileile muhula uliofuata ukapata A, alafu ukawa msaidizi wa maabara unawafundisha wa mwaka wa kwanza kuandika data, na profesa aliyekuripoti ndo aliyekupendekeza. Hivi kweli unaliacha hilo? Ni watu wangapi wana mwalimu aliyewaripoti alafu akawaamini tena na kazi ya maabara yake mwenyewe? Muombe barua. Najua unaona aibu, muombe tu, akiandika yeye kwamba alikuona ukikosea na akakuona ukibadilika, barua hiyo ina uzito kuliko barua tano za watu wanaokusifu bila kukujua.

Alafu kuna kliniki ya figo. Ulinisimulia siku ile yule mzee uzito wake kwenye mizani ulikuja mdogo kuliko kawaida, wenzako wakasema andika twende, foleni ndefu, ukakataa, ukampima tena kwenye mizani nyingine ikaonekana ile ya kwanza ndo mbovu. Ulinisimulia kama kitu kidogo. Kwa mgonjwa wa dialisisi, anayesafishwa damu kwa mashine, uzito ndo unaamua mashine itoe maji kiasi gani, ukitoa zaidi ya inavyotakiwa presha inaporomoka na mtu anaweza kuzimia kwenye kiti, ukitoa kidogo anarudi nyumbani na maji mwilini hadi kwenye mapafu. Kwa hiyo aliyewahi kunakili namba za maabara leo ndo anayegoma kuandika namba asiyoiamini. Andika hilo, kwa maneno machache, bila kulipamba. Usiseme "nimejifunza umuhimu wa uadilifu", hiyo sentensi kila mtu anayo. Sema ulichofanya mbele ya ile mizani.

Kabla hujaandika chochote lakini, lipate faili lako. Kuna sheria ya Marekani ya FERPA ya mwaka 1974, inakupa haki ya kuona rekodi zako za chuo, na chuo kina siku 45 kukuonyesha, kwa hiyo peleka ombi wiki hii kwa ofisi inayosimamia nidhamu ya wanafunzi, kwa maandishi. Hata wakikujibu kwamba limeshafutwa, omba hilo jibu kwa barua ulihifadhi. Unataka tarehe sahihi, jina sahihi la kosa walivyoliandika wao, na adhabu kamili, maana kumbukumbu yako na yangu zinaweza kutofautiana na karatasi. Pia kaa na mshauri wa wanafunzi wanaoomba udaktari pale chuoni, umwambie mwenyewe kabla hajakutana nalo kwingine, hasa kama chuo chenu kinaandika barua ya kamati, yaani barua moja ya chuo ya kukupendekeza.

Kwa kuwa uko Dallas na una ukazi wa Texas, usiiache TMDSAS, ile ni fomu ya peke yake kwa shule za umma za Texas, unalipa ada moja hata ukichagua shule zote, na sheria ya jimbo inabana wanaotoka nje ya Texas wasizidi asilimia 10 ya nafasi, kwa hiyo hapo ndo una nafasi nzuri zaidi. Nayo ina maswali yake ya nidhamu, yaliyoandikwa tofauti kidogo na ya AMCAS, ukiongeza na AACOMAS, ile ya shule za DO (udaktari wa osteopathia), ni fomu tatu. Kila moja soma maneno yake yenyewe, usikopi tu jibu kutoka fomu hii kwenda ile, ila ukweli uwe mmoja, tarehe zilezile, adhabu ileile. Na ule msaada wa ada wa AAMC uombe kabla hujalipia kitu, maana ukishalipa hawakurudishii nyuma. Gilinkadi yako inakuruhusu kuuomba, ila kwanza waangalie kipato.

Intavyu watakuuliza, hilo lichukulie ni lazima. Jizoeze kulisema kwa sauti kwa dakika moja mpaka sauti isitetemeke, alafu nyamaza, usiendelee kujieleza kujaza ukimya. Wakitaka zaidi watauliza. Mi nimekaa upande ule wa meza na nakwambia kinachochosha sio kosa, ni mtu anayerudia kuomba msamaha mara nne wakati wewe umeshahamia swali lingine.

Umesema pia kuna wanaokwambia rudi nyumbani usome Muhimbili tu, kule hawaulizi haya. Ukitaka kurudi kwa sababu unataka kutibu watu wa Tanga, mi ntakuwa wa kwanza kukusindikiza airport, ni chuo kizuri na madaktari wake nawaheshimu sana. Ila usirudi kwa kukimbia sanduku moja la kutiki kwenye fomu. Na usisahau kwetu pia mambo haya yanachukuliwa kwa uzito, wote tunakumbuka NECTA, baraza la mitihani, wanavyofuta matokeo ya mtu aliyekutwa na kibuti, kile kikaratasi cha kuibia mtihani, tena mtoto wa kidato cha nne. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba hapa umepewa herufi 1,325 za kusema ulikuwa nani na sasa ni nani. Mtoto yule kwetu sijawahi kusikia akipewa nafasi kama hiyo. Hilo linaniuma kila nikilifikiria, na ndo maana nakasirika nikisikia unataka kuiacha nafasi hiyo tupu.

Kuhusu muda: AMCAS inafunguliwa mwanzoni mwa Mei na kutuma kunaanza mwishoni mwa Mei, na kuhakiki transkripti kunaweza kula wiki kadhaa, shule nyingi zinaita watu kadri fomu zinavyoingia, kwa hiyo ukichelewa na una jambo la kueleza unajiongezea mzigo. Lakini kama faili halijafika au profesa hajajibu, bora usubiri mwaka ujao kuliko kutuma kitu kibovu. Mwaka mmoja zaidi pale kliniki sio hasara, na kila mwaka unaopita salama unazidi kulisogeza lile kosa nyuma.

Mjomba muachie mimi, ntampigia Jumamosi nimsomee lile swali lote, akilisikia mwenyewe atakuelewa. Kwa bimkubwa mwambie wewe, usimuache asikie kwa binamu.

Wewe kesho peleka lile ombi la faili, alafu nitumie drafti mpya hata kama ina sentensi nne tu. Jumapili nina shifti mchana, ila usiku niko huru, tutakaa nayo kwenye simu neno kwa neno mpaka iishe.

Nakupenda sana,
Shosti wako