"Ni cc Ngapi?" Ni Swali la Mwisho, Si la Kwanza

Ujumbe kuhusu kuongeza matiti unaoingia kwenye WhatsApp ya kliniki yetu hapa Kampala hufanana sana: picha ya dada fulani wa Instagram, na chini yake, "Nataka kama haya. Ni cc ngapi na bei gani?" Tukimjibu mteja aje kwanza apimwe na daktari, wengine hununa wakidhani tunawazungusha ili tule hela ya kumwona daktari. Ukweli ni kwamba saizi ya kipandikizi, kile kifuko kinachowekwa ndani ya titi, haisomeki kwenye picha ya kifua cha mtu mwingine.

cc ni ujazo tu, sawa na mililita. Chukua soda ya mililita 300, nusu ya wateja wetu wakisikia "cc 300" ndiyo huanza kuifikiria. Imimine kwenye sahani pana, kisha imimine kwenye bilauri nyembamba: soda ni ileile, lakini kwenye sahani imetandaa na kwenye bilauri imepanda juu. Ndiyo maana kipimo cha kwanza anachochukua daktari bingwa wa upasuaji wa plastiki ni upana wa titi pale linaposhikana na kifua, kwa sentimita. Kipandikizi kinatakiwa kikae ndani ya upana huo. Mwenye sentimita 11 akitaka cc 400, kuna njia mbili tu: kichomoze mbele sana hadi titi lionekane la bandia, au kipite mpaka wake, kuelekea kwapani na katikati ya kifua. Matiti yakikutana katikati, pengo lile likapotea, kulirudisha ni upasuaji mwingine, tena mgumu kuliko wa kwanza.

Kampuni hutengeneza ujazo uleule kwa mchomozo tofauti, mdogo, wa kati na mkubwa. Kwa hiyo shoga yako akikwambia "mimi niliwekewa 350," hajakwambia kitu mpaka aseme kifua chake kina upana gani na mchomozo ulikuwa upi.

Kisha daktari atabana ngozi ya juu ya titi kwa vidole viwili. Usishtuke, anapima unene wa nyama itakayofunika kipandikizi. Ikiwa ni chini ya sentimita 2, madaktari wengi hupendelea kukiweka chini ya msuli wa kifua, kwa sababu kwa mwanamke mwembamba kingo na mikunjo huonekana au huguswa kirahisi. Chini ya msuli maumivu ya siku za mwanzo huwa makali zaidi, na titi linaweza kujongea ukikaza kifua. Hakuna njia isiyo na gharama yake.

Sasa tuje kwa akina mama, maana ndio wengi. Umenyonyesha watoto watatu, matiti yamelala, na unataka "yasimame tena." Hapo wengi huomba saizi kubwa wakiamini itayainua. Haiyainui. Kipandikizi hujaza, kinachoinua ni upasuaji wa kuinua matiti, ambao hupunguza ngozi iliyozidi na kupandisha chuchu. Simama mbele ya kioo bila sidiria: chuchu ikiwa imeshuka chini ya mkunjo wa titi, kipandikizi peke yake hakitakupa unachokitaka, na kikubwa kitazidi kuvuta ngozi iliyokwisha choka. Kipandikizi cha silikoni cha cc 400 kina uzito wa karibu gramu 400, kwa kila titi, usiku na mchana. Daktari akikushauri cc 275 na kuinua, hakunyimi kitu. Na kama bado unapanga kuzaa, mwambie mapema: mimba hubadilisha matiti upya, na mkato wa kuzunguka chuchu una hatari zaidi kwa unyonyeshaji kuliko ule wa kwenye mkunjo wa chini. Mwambie pia kama makovu yako huvimba na kuwa keloidi, jambo la kawaida zaidi kwa ngozi zetu nyeusi.

Kuhusu sidiria, hatuahidi herufi. Nenda Owino kwenye mitumba: utakuta ya Uingereza imeandikwa 34DD na ya Ulaya 75E, na zote mbili zinaweza kukukaa sawasawa. Herufi hubadilika kwa nchi na kwa kampuni, kwa hiyo "nataka D" haimsaidii daktari.

Kinachosaidia ni kujaribu. Hapa kliniki tuna vipandikizi vya majaribio vya kuingiza ndani ya sidiria laini. Nyumbani, jaza mchele kwenye soksi ya nailoni, mililita 250 kila upande, uvae mchana kutwa ukipika na kupanda ngazi. Kesho yake jaribu 325. Haitakuwa sawa kabisa na upasuaji, lakini mgongo na mabega yatakwambia mengi. Vaa fulana ya kubana unapojitazama. Gomesi haifai kwa jaribio hili, kitambaa kile na mshipi wake huficha kila kitu. Ukija na senga, yaani shangazi yako, karibu naye, ila jibu la mwisho tunalisubiri kutoka kinywani mwako.

Usipange upasuaji wiki mbili kabla ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani. Mwanzoni matiti hukaa juu, yamevimba na kukakamaa, na huchukua miezi kushuka mahali pake. Jerikeni na bodaboda utaziacha kwa wiki kadhaa. Sigara uache mapema, na shisha pia. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2015 iliipiga marufuku, lakini baa za Kabalagala tunazijua. Nikotini hupunguza damu kwenye ngozi, na kidonda hakiponi vizuri.

Vipandikizi havidumu maisha yote. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, hushauri vya silikoni vipigwe picha ya MRI au ultrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 hadi 3, hata kama husikii lolote. Weka hela hiyo kwenye bajeti. Na popote utakapofanyiwa, kwetu au kwingine, dai kadi yenye jina la kampuni na namba ya kipandikizi. Mwaka 2010 Ufaransa iligundua kuwa kampuni ya PIP ilikuwa ikitumia silikoni ya viwandani, na mwaka 2019 Allergan iliondoa sokoni duniani kote aina yake ya vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza kwa sababu ya saratani adimu ya limfu. Mwenye kadi alijua siku hiyohiyo kama anahusika.

Siku ya kuja kupimwa, vaa nguo inayofunguka mbele, leta sidiria unayoivaa kila siku na orodha ya dawa unazotumia, za mitishamba zikiwemo. Jina la daktari tutakutumia kabla, ulihakiki kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda. Picha za Instagram leta pia, daktari huzitumia kuona umbo unalolipenda.