Feni ya boila inaliwa na mchanga, sio na uzee

Mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji wote.

Nimekuwa nikisoma barua za wenzangu humu kuhusu sukari na viwanda vya sukari, kila mtu ana mchawi wake, mara mfanyabiashara kaficha mzigo, mara vibali vimechelewa, mara mitambo imezeeka. Sawa, hayo wengine watayamaliza. Mimi ni fundi wa boila huku Morogoro kwenye miwa na nataka niongelee kitu ambacho sijawahi kukiona gazetini hata siku moja, yaani feni ya ID, ile ya kuvuta moshi, na kwa nini mapanga yake yanaisha kila msimu wakati yangeweza kukaa misimu kadhaa bila kuguswa.

Kwa asiyeijua, boila ya kiwanda cha sukari inachoma bagasi, yale makapi ya muwa yaliyoshakamuliwa. Kuna feni inasukuma hewa ndani, hiyo ni FD, na kuna nyingine inakaa mwisho kabisa kabla ya chimni inavuta moshi utoke, hiyo ndo ID. Inatakiwa ivute kidogo zaidi ya ile ya kusukuma ili ndani ya tanuru pawe na mvuto mdogo, presha ya milimita 5 hadi 10 za maji tu chini ya ile ya hewa ya nje, moto usije ukatapika mlangoni ukaunguza watu. Sasa ID ikigoma boila haina ujanja, inazimwa hapo hapo, mvuke hamna, turbaini hamna, umeme wa kiwanda hamna, vinu vinasimama, malori ya miwa yanapanga foleni mpaka barabara kuu, na muwa ukishakatwa haumsubiri mtu, kila saa inayopita sukari inapungua humo ndani.

Ukiwauliza wakubwa watakwambia feni ya zamani hiyo. Mimi sikubali. Bagasi ikiwa safi ina majivu kidogo sana, asilimia 2 au 3 hivi ya uzito wake mkavu. Kinachokula mapanga ni mchanga unaopanda nayo kutoka shambani, mchanga ambao sehemu kubwa ni kwatzi, madini magumu, na kwatzi kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ni 7 wakati chuma cha kawaida cha mapanga hakifiki 5, hapo nani anamkwangua mwenzie? Miwa ikichomwa moto kabla ya kukatwa inatoa utomvu unaonata, udongo unaganda hapo, alafu loda linakuja linakwangua chini na kubeba muwa na kichuguu chake. Mvua ikinyesha ndo usiseme. Wote tunakumbuka El Nino ya mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024, miwa ikakwama shambani na kilo ya sukari ikapita shilingi 4,000. Watu waliongea sana bei, ila muwa unaotoka kwenye tope la namna ile unakuja na tope lenyewe, na hilo tope likishapita kwenye vinu linaenda boila.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Kiwanda ninachokijua mimi, jina naliacha, dawa yao ya mapanga ni moja tu, kuchomelea. Panga limeliwa, welda anaitwa, anapiga rodi za hadifesi, za kuweka tabaka la chuma kigumu, juu yake, feni inarudi kazini, baada ya wiki kadhaa mtikisiko unapanda tena, welda anaitwa tena. Sipingi chuma kigumu, bamba za kromiamu kabaidi zinafanya kazi nzuri sana zikiwekwa pale panapoliwa kweli, na mara nyingi ni kwenye kona ambapo panga linakutana na sahani ya nyuma, kwa sababu mchanga ni mzito kuliko gesi, gesi inapokata kona mchanga haukati, unaenda kugonga hapo hapo kila siku. Lakini hadifesi ya kurundika kila mwezi juu ya chuma kilichoshakuwa chembamba inaleta nyufa, na ufa kwenye kitu kizito kinachozunguka kwa kasi ile sio utani jamani, panga likichomoka linapasua nyumba ya feni na hujui nani anapita nje. Angalau basi wapige dai, ile rangi ya kuonyesha nyufa, kabla ya kufunga, wapime uzito wa kila bamba ili lililokaa huku lilingane na la upande wa pili, alafu wafanye balansi palepale ikiwa kwenye beringi zake, sio kukisia kwa macho.

Ila hata ukifanya yote hayo bado hujagusa ugonjwa. Kabla ya feni kuna mtego wa majivu, na kwenye boila nyingi za zamani ni saikloni, yaani mitungi ya kuzungusha moshi, ndogo ndogo nyingi ndani ya boksi moja. Moshi unazungushwa, mchanga unatupwa pembeni, unadondoka kwenye faneli chini, na chini ya faneli kuna rotari inayotakiwa kutoa majivu bila kuruhusu hewa kuingia. Hapo ndo pa kuangalia! Saikloni ipo upande wa mvuto, kwa hiyo rotari ikiisha pembe zake, au mtu akaacha kamlango ka chini wazi kwa sababu majivu yanaziba na amechoka kukafungua kila mara, hewa ya nje inapanda kwa nguvu kutoka chini katikati ya saikloni na inaubeba mchanga uliokwisha kudondoka inaupeleka moja kwa moja kwenye feni. Tundu dogo tu linatosha kuifanya saikloni nzima iwe bomba la kupitisha mchanga. Kupima hakuhitaji injinia kutoka nje, boila ikiwa inafanya kazi shika kipande cha gazeti karibu na flanji, yaani kiungio, cha rotari, hata hili lako mhariri likishasomwa, likivutwa likanata ujue mchanga wako wote unaenda kwenye mapanga. Na saikloni zilizoziba ni hivyo hivyo, moja ikiziba jirani zake zinabeba mzigo wake, zifunguliwe na kusafishwa kila boila inaposimama, sio mpaka mwisho wa msimu.

Kuna na hewa nyingine ya wizi, inaingia kwenye mabomba ya hita ya hewa yaliyotoboka na kwenye dakti, njia za bati za kupitisha moshi, zilizooza. Feni hapo inakuwa kama mtu anayekunywa soda kwa mrija uliotoboka, inavuta upepo wa bure. Pima oksijeni moshi unapotoka kwenye boila, pima tena kabla tu ya feni. Mfano ikitoka asilimia 5 ikafika 9, maana yake feni inabeba gesi theluthi moja zaidi ya inayotakiwa, na gesi ikiwa nyingi inapita kwa kasi zaidi. Kasi ndo mbaya wetu mkubwa, uchakavu wa mapanga haupandi sambamba na mwendo wa mchanga, unapanda karibu kwa kipeo cha tatu. Punguza mwendo wa feni kwa asilimia 20 na uchakavu unaweza kushuka karibu nusu, na umeme inaokula nao unashuka karibu nusu. Ndo maana nashangaa feni kubwa inakimbia spidi ile ile usiku na mchana alafu inabanwa na dampa, ule mlango wa kuzuia moshi, wakati inveta, kifaa cha kubadili mwendo wa motor, ingeipunguza mwendo yenyewe. Inveta ni hela nyingi, najua, ila na motor inayokula umeme wa kubanwa na dampa nayo ni hela, umeme ambao viwanda vingine wanauza gridi.

Hili sio la sukari peke yake. India makaa ya mawe yao mengi yana majivu asilimia 30 mpaka 45, mitambo yao ya umeme imepigana na mapanga ya ID miaka na miaka, na wenye mitego ya umeme, inayonasa majivu kwa chaji ya umeme, inayofanya kazi sawasawa wana nafuu, ila sehemu moja ya mtego ikizimika feni inaanza kuliwa. Hapa kwetu makaa ya mawe ya Ngaka kule Ruvuma yanaenda kwenye viwanda vya saruji, mafundi wa huko wanajua ninachosema. Wenye skraba ya maji, mtambo wa kuosha moshi, wao shida yao nyingine, matone yanabeba tope linaganda kwenye mapanga, kipande kikibanduka feni inatikisika ghafla.

Na wanaonunua feni mpya nawaomba wasidanganyike na zile zenye mapanga ya tumbo, yanayofanana na bawa la ndege. Kweli zinakula umeme mdogo, lakini ndani ni wazi, likitoboka tu majivu yanaingia tumboni na balansi imekufa. Kwa moshi wenye mchanga panga la bamba moja nene linavumilia zaidi hata kama linakula umeme kidogo zaidi.

Kuhusu shamba, wengine watasema mkulima akatwe hela kwa udongo. Mimi naona tumuonee huruma, sio yeye anayeendesha loda. Ila pale mizani wachukue sampuli wapime udongo na atakayeulizwa awe kontrakta wa kupakia, maana saa hizi yeye analipwa kwa tani, na udongo nao una tani.

Msimu ukifungwa mtaanza kuandika oda za vipuri. Impela mpya, gurudumu zima la feni na mapanga yake, najua itakuwemo, kila mwaka imo. Swali langu kwa wenye viwanda, rotari za chini ya saikloni na zenyewe zipo kwenye hiyo oda?

Fundi boila,
Morogoro