Fungu la kutunza mifumo liko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nilisemee jambo linalotuhusu sisi tunaoitwa "watu wa kompyuta". Mimi ni mhandisi wa programu katika kampuni moja hapa Kijitonyama, Dar es Salaam. Tunashughulika na mifumo ya mikopo na malipo, ingawa mtaani kwangu inaaminika kwamba natengeneza printa, na shemeji zangu huniletea simu zilizoingia maji. Nimeshazoea.

Wengi hudhani tunashinda tukiunda vitu vipya. Mimi sehemu kubwa ya siku nasoma kazi ya mtu aliyeshaacha kazi zamani, aliyeandika harakaharaka kwa sababu mteja alikuwa amemsimamia kichwani. Mwisho wa mwezi, mishahara ikianza kuingia, hakuna anayeruhusiwa kugusa chochote. Siku niliyofurahi zaidi mwaka jana ni ile niliyofuta maelfu ya mistari ya programu isiyotumika tena, na hakuna mteja hata mmoja aliyejua kama kuna kilichofanyika.

Mtakumbuka mwaka 2024 TANESCO, shirika letu la umeme, ilipotutaka tuingize tarakimu 60 kwenye mita za LUKU. Mama yangu yuko Tanga; nilimsomea kwa simu, makundi matatu ya ishirini ishirini, naye akibonyeza na kukosea na kuanza upya, mpaka akaniuliza, "Mwanangu, una hakika hawa si matapeli?" Mtaani kwetu wapo waliosema bei inapandishwa kinyemela.

Kilichokuwapo ni hiki. Mita za malipo ya kabla za aina hiyo, hapa kwetu na katika nchi nyingine nyingi, huitambua kila tokeni, yaani namba unayopewa ukinunua umeme, kwa dakika iliyotolewa, na hadi wakati ule zilikuwa zikihesabu tangu tarehe 1 Januari 1993. Tokeni ina tarakimu 20 tu, na ndani yake lazima ziingie uniti na mengineyo, kwa hiyo hesabu ya dakika ilipewa nafasi ya milioni 16 na laki saba na ushee, kama miaka 32. Nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Makundi mawili ya kwanza aliyobonyeza mama yalikuwa ya kuiandaa mita ianze hesabu mpya, la tatu ndilo umeme wenyewe. Waliouweka mpaka ule hawakuwa wajinga. Kila tarakimu unayoongeza ni mateso kwa anayebonyeza gizani.

Sasa linakuja lingine, na hili linanigusa mezani kwangu. Mifumo mingi ya zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Utasema bado mbali. Kwa anayekopesha si mbali hata kidogo. Mteja wetu mmoja, chama cha akiba na mikopo, alimpa mwalimu mkopo wa nyumba wa miaka 15. Mfumo ukapanga marejesho vizuri hadi mwanzoni mwa 2038, ukagoma kuhifadhi yaliyofuata. Karani hakupiga simu kwetu. Aliingiza mkopo hadi pale mfumo ulipokubali, marejesho yaliyobaki akayaandika kwenye kaunta buku, akaliweka chini ya droo ya stempu. Tulikuja kuliona kwa bahati, tukakuta mwalimu hayuko peke yake humo.

Tulikwenda kikaoni. Nikaeleza kwamba safu za tarehe kwenye kanzidata, ghala la kumbukumbu za mfumo, zinatakiwa kubadilishwa na kila ripoti inayozisoma ipimwe upya. Mwenyekiti akauliza, "Wanachama wataona nini kipya?" Nikamjibu kwamba hawataona kitu. "Basi anzeni na rangi za ukurasa wa mbele." Rangi tumebadilisha, ni kijani nzuri kwa kweli.

Simlaumu sana mzee yule. Mkataba ulikuwa na fungu la kununua mfumo na fungu la mafunzo, posho za semina zikiwemo, lakini la kuutunza halikuwamo. Gari la ofisi hupangiwa fedha za oili na matairi hata kabla halijatoka bandarini. Na sisi wenye kampuni tuna letu: mzabuni anayeandika gharama za matengenezo anaonekana ghali kuliko asiyeandika, basi wengi tunanyamaza tupate kazi.

Wapo wanaosema mwaka 2000 dunia ilitishwa bure kwamba kompyuta zingekwama, kwani usiku ule hakikuharibika kitu cha maana. Mambo yalikwenda salama kwa sababu watu walihangaika miaka kadhaa kabla wakirekebisha tarehe ambazo mwaka wake uliandikwa kwa tarakimu mbili tu. Kazi hii ikifanyika vizuri haina picha ya kupiga wala utepe wa kukata, na mwenye kuifanya huonekana anakula fedha za watu.

Ombi langu nalielekeza kwa wanaoandaa zabuni za mifumo, iwe halmashauri, hospitali, shule au ushirika. Wekeni fungu la matengenezo la kila mwaka ndani ya mkataba, na lisiguswe kwa ajili ya rangi. Kabla ya kumlipa mzabuni malipo ya mwisho, mwambieni aingize mbele yenu mkopo wa miaka 20, auhifadhi, kisha aufungue kesho yake awaoneshe rejesho la mwisho lina tarehe gani. Hapo hahitajiki mtaalamu, karani wenu anatosha.

Mhandisi wa programu,
Kijitonyama, Dar es Salaam.