Barua ya wazi kwa Kansela Friedrich Merz: njoo Halle useme sentensi moja

Mheshimiwa Kansela,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni muuguzi katika makao ya wazee hapa Halle, jimbo la Sachsen-Anhalt, Ujerumani, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayolilia, na kwa sababu wenzangu waliotoka Mombasa, Kisumu, Tanga na Bujumbura kuja kuwauguza wazee wa nchi hii watayasoma haya kabla yako. Wewe wafasiri unao.

Nilikuwa nimejizuia kuandika. Jumanne iliyopita subira ikaniishia.

Nilitoka zamu ya usiku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wazee wawili walikuwa na homa, na wa tatu aligoma kulala mpaka nimshike mkono. Nikapanda tramu, nikakaa dirishani, macho yakinifumba yenyewe. Kijana mmoja ambaye nadhani hajafika hata miaka ishirini akasimama mbele yangu na wenzake wawili. Hakunitukana wala hakunisukuma. Aliinama kidogo kama anayekabidhi zawadi, akanipa karatasi, akasema "Septemba". Wakashuka kituo kilichofuata.

Karatasi ile imechorwa mfano wa tiketi ya ndege. Kutoka Ujerumani, kwenda Afrika, kwenda tu bila kurudi. Tarehe ya safari ni 6 Septemba 2026, siku ambayo jimbo letu litapiga kura. Ubunifu huo hata si wake. Chama cha AfD, cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji, kupitia tawi lake la mji wa Karlsruhe kilisambaza vikaratasi vya namna hiyo Januari 2025, wakati wa kampeni. Lakini penye jina la abiria kijana huyu alikuwa ameandika kwa kalamu, kwa herufi kubwa, neno moja: Stadtbild. Sura ya mji.

Neno hilo ni lako, Mheshimiwa. Ulilitamka Potsdam tarehe 14 Oktoba 2025, uliposema kwamba serikali yako imepiga hatua katika suala la uhamiaji, ila katika sura ya miji tatizo bado lipo, na kwamba ndiyo maana waziri wako wa mambo ya ndani anashughulikia kuwarudisha watu makwao kwa wingi. Siku chache baadaye ukiwa London ulifafanua. Ukasema nchi haiwezi kwenda bila wahamiaji wanaofanya kazi, na kwamba uliwakusudia wasio na kibali, wasio na kazi, wasiofuata sheria. Nilikusikia na nakiri ulisema hivyo. Lakini kibali changu cha kazi hakikuandikwa usoni. Kiko kwenye mkoba, katikati ya kadi ya bima na mafuta ya kupaka midomo. Anayenitazama ndani ya tramu haoni mkoba, anaona ngozi. Na ufafanuzi wa London haukufika Halle. Kilichofika ni lile neno la Potsdam.

Binti yangu wa miaka tisa aliikuta karatasi mezani nikiwa nimelala. Aliponiamsha alikuwa anafurahi. "Mama, tunaenda kwa nyanya?"

Nilimjibu nini? Nilimwambia bado, mwanangu. Nikaingia bafuni nikafungulia maji ili asinisikie.

Sasa nakukumbusha ahadi, maana nilikuwa mmoja wa waliokuamini. Usiku wa 23 Februari 2025, kura bado zinahesabiwa, ulisema kipaumbele chako cha kwanza ni kuiimarisha Ulaya haraka iwezekanavyo, ili hatua kwa hatua ijitoe katika kuitegemea Marekani. Ulisema pia kwamba Washington imeingilia uchaguzi wenu kwa kiasi kisichopungua cha Moscow. Niliyasikiliza maneno yale katika chumba cha wauguzi, chai ikipoa mkononi. Mimi nimetoka nchi iliyotawaliwa na Waingereza, najua ladha ya neno uhuru. Nikajisemea, huyu mzee amenena. Hata nikampigia ndugu yangu Mombasa kumwambia.

Na tangu usiku ule Marekani yenyewe imekuthibitishia kwamba ulisema kweli. Julai 2025 ulikuwa mwezi mzito kwetu. Kiwanda cha chipu za kompyuta cha Intel, kampuni ya Marekani, kilichoahidiwa Magdeburg, mji mkuu wa jimbo letu, tangu 2022, uwekezaji wa euro bilioni 30, kikafutwa kabisa. Mwezi huohuo Dow, nayo kampuni ya Marekani, ya kemikali, ikatangaza kwamba itafunga mitambo yake Schkopau na Böhlen kufikia mwisho wa 2027. Schkopau ni jirani yetu, tramu ya kwenda Merseburg hupita hapo. Mwezi huohuo tena, tarehe 27, Ursula von der Leyen, mkuu wa Tume ya Umoja wa Ulaya, akapeana mkono na Trump kule Turnberry, Scotland: ushuru wa asilimia 15 kwa bidhaa nyingi za Ulaya zinazoingia Marekani, na ahadi ya Ulaya kununua nishati ya Marekani ya dola bilioni 750. Wewe mwenyewe ulikiri kesho yake kwamba uchumi wa Ujerumani utaumia. Kisha Januari 2026 Trump akatishia kuziongezea ushuru nchi nane za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, kwa kuwa zilisimama na Denmark juu ya Greenland, kisiwa alichotaka kukichukua. Alirudi nyuma baada ya siku chache, lakini dunia nzima ilikuwa imeshaona.

Kwa hiyo watu wa jimbo hili wana haki ya kukasirika. Nafanya kazi nao, nawajua. Mwenzangu mmoja wa zamu, mwanamke wa Kijerumani wa umri wangu, baba yake alipoteza kazi kiwandani baada ya 1990, ndugu zake wote wakahamia magharibi, naye akabaki na mama mgonjwa. Kila ahadi aliyosikia maishani mwake iliishia kwenye jiwe la msingi. Nadhani hapo ndipo AfD inapoota mizizi, katika uchungu huo wa kuachwa. Sijui kama ndiyo sababu yote, mimi si mtaalamu wa siasa. Ninachokijua ni hiki: kiwanda kinafutwa na kampuni ya Marekani, ushuru unapangwa na rais wa Marekani, halafu anayepewa tiketi ya ndege ni mimi. Mimi ndiye nilifuta kiwanda cha Magdeburg? Mimi ndiye nitafunga mitambo ya Schkopau?

Hili ndilo jambo linaloniuma kuliko yote, na naomba ulisome taratibu. Huwezi kuikomboa Ulaya kutoka kwa Marekani huku ukiazima hadithi ambayo Washington ya leo inaisimulia kuhusu Ulaya. Tarehe 25 Januari 2025 Elon Musk, bilionea wa Marekani aliyekuwa karibu na Trump, alitokea kwenye skrini katika mkutano wa AfD, si Berlin, si Munich, bali hapahapa Halle, akawaambia Wajerumani kwamba wanashikilia mno hatia ya mababu zao. Huu ni mji ambao Oktoba 2019 mtu mwenye bunduki alijaribu kuingia sinagogi siku takatifu ya Wayahudi ya Yom Kippur, na aliposhindwa kuvunja mlango akaua watu wawili, mmoja wao ndani ya duka la kebabu. Wiki tatu baada ya Musk, JD Vance, makamu wa rais wa Marekani, akasimama Munich akasema hatari kubwa kwa Ulaya inatoka ndani, kisha akakutana na Alice Weidel, kiongozi mwenza wa AfD. Na mkakati wa usalama wa taifa ambao Marekani iliutoa Desemba 2025 unasema ustaarabu wa Ulaya uko hatarini kufutika, uhamiaji ukiwa mojawapo ya sababu, na unafurahia kukua kwa vyama ambavyo unaviita vya kizalendo. Mheshimiwa, ukisimama jukwaani ukasema tatizo liko kwenye sura ya mji, unaisoma karatasi yao, kwa Kijerumani kizuri tu.

Na kumbuka ulichosema Novemba 2024 mbele ya Bunge: kusipelekwe jambo litakaloweza kupita, hata kwa bahati mbaya, kwa wingi wa kura za AfD. Haikupita hata miezi mitatu. Tarehe 29 Januari 2025 hoja yako juu ya wahamiaji ilipita kwa kura 348 dhidi ya 345, na kura za AfD ndizo zilizoivusha. Hata Bi. Merkel, kansela wa zamani na wa chama chako, alijitokeza hadharani kusema ulikosea. Wabunge wa AfD walishangilia ukumbini. Niliwaona kwenye televisheni ya wazee, sauti imezimwa, nikimlisha mtu uji.

Uliingia madarakani ukitaka kuwanyang'anya wapiga kura wao. Katika uchaguzi ule walipata asilimia 20.8 nchi nzima, na katika jimbo letu zaidi ya theluthi. Je, wamepungua tangu uanze kutumia maneno yao?

Nikueleze kuhusu mzee wangu mmoja. Jina lake sitalitaja. Ni mwanamke wa miaka 88, mzaliwa wa Halle, hajawahi kuhama. Mikono yake imekunjamana, lakini nywele zake lazima zichanwe kila asubuhi na kubanwa kwa vibanio viwili, kimoja kila upande, la sivyo hanywi chai. Siku za kwanza hakutaka nimguse. Aliniambia wazi. Nikakaa mbali, nikamwachia kitana mezani, kila asubuhi, majuma matatu. Siku moja akanipa kitana mwenyewe. Nikiwa namchana akaniambia kwamba mtu mweusi wa kwanza kumwona maishani alikuwa dereva wa lori wa jeshi la Marekani, 1945. Wamarekani waliuteka mji huu Aprili mwaka ule, wakakaa mpaka mwanzoni mwa Julai, ndipo wakawaachia Warusi. Dereva yule alimpa kipande cha chokoleti, naye hakujua ni kitu cha kuliwa, akakificha chini ya mto mpaka kikayeyuka. Mama yake alimchapa kwa sababu ya shuka. Alipofika hapo alicheka mpaka kibanio kikaanguka.

Nilipookota kibanio akauliza, "Na wewe, nao watakuchukua uende?"

Ameona Wamarekani wakija na kuondoka, Warusi wakija na kuondoka, viwanda vikija na kuondoka. Sasa anahofia muuguzi wake. Kwetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji anapona kwa mikono yangu kila siku ya Mungu, na nchi yako ilituita tuje. Tarehe 13 Septemba 2024 Ujerumani na Kenya zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira pale Berlin, Rais Ruto akiwepo. Mimi nilikuja kabla ya mkataba huo. Nililipa masomo ya lugha kwa shamba dogo la mama yangu. Nikasubiri karibu miaka miwili vyeti vyangu vitambuliwe na ofisi moja, nikifua shuka na kusukuma viti vya magurudumu kwa mshahara wa msaidizi. Nilipotafuta nyumba, mwenye nyumba mmoja aliniambia kwenye simu kwamba ipo wazi, nilipofika mlangoni ikawa imeshachukuliwa. Yote hayo niliyameza, nikasema ni njia ya kila mgeni. Tiketi hii imenikwama kooni.

Fedha umezipata. Machi 2025, kabla hata hujaapishwa, katiba ilibadilishwa ili matumizi ya ulinzi yasibanwe na ukomo wa madeni, na ukatengwa mfuko wa euro bilioni 500 kwa barabara, reli na shule. Juni mwaka huohuo mkaahidi kwenye mkutano wa NATO kule The Hague kufikia asilimia 5 ya pato la taifa kwa ulinzi ifikapo 2035. Sina ugomvi na hayo. Anayetaka kujitegemea hana budi kujilinda. Ila niambie, Mheshimiwa, Ulaya hiyo itakayosimama kwa miguu yake, mimi ni sehemu yake au la? Askari wako watakapokuwa mpakani, nani atakuwa zamu usiku akiwatazama mama zao? Nauliza kwa sababu nataka jibu.

Sikuombi fedha, wala kiwanda, wala sheria mpya. Naomba sentensi moja. Uje Halle kabla ya Septemba, usimame Marktplatz, uwanja wa soko, mbele ya minara yetu mitano, mbele ya watu wa chama chako na wa vyama vingine, useme kwa sauti uliyotumia usiku wa 23 Februari: watu hawa ni sura ya mji huu, na ni wetu. Basi. Usiongeze "lakini". Usiseme "wale wanaofanya kazi", kwa maana mimi siku moja nitazeeka, mgongo utaniishia, na binti yangu hajaanza kazi. Watu hawa ni sura ya mji huu, na ni wetu. Useme hapa, si London.

Kijana wa kwenye tramu lazima alisikie kwako wewe. Kwangu hatalisikia. Nimejaribu kumwangalia machoni na alitazama pembeni.

Tiketi nimeihifadhi ndani ya mkoba, pamoja na kibali changu. Ukija nitakuonyesha vyote viwili. Tarehe iliyoandikwa ni 6 Septemba. Njoo kabla ya hapo.

Wako kwa heshima,
Muuguzi wa zamu ya usiku
Halle (Saale), Februari 2026