Makubaliano ya 1976 yatufikie wavuvi

Mhariri,

Mimi ni mvuvi wa Vanga, Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Kaskazi iliyopita upepo ulitusukuma kusini, boti ya doria ikatukuta upande wa Tanzania. Jarife letu, wavu wetu mkubwa, likachukuliwa. Samaki wetu, changu na tasi, wakatuozea mashuani tukihojiwa mpaka jua likazama.

Makubaliano ya mpaka wa bahari ya 1976 baina ya Kenya na Tanzania yanaturuhusu sisi wenyeji tunaovua kwa riziki kuvua hadi maili 12 za bahari kila upande wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo. Askari aliyetushika hakuwahi kuyasikia. Na wake zetu wengine kwao ni Moa, kijiji cha upande wa Tanzania, jamani!

Naziomba serikali zote mbili ziyabandike makubaliano haya, kwa Kiswahili, kwenye kila banda la samaki kuanzia Shimoni hadi Tanga.

Mvuvi,
Vanga, Kwale